Wasomaji Wanauliza: Okestra ya Mji, Fidla na Hewa ya Chumvi

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Tanga, na karibu zote zinauliza habari za okestra ya simfoni: ni kitu gani, miji mingine iliipataje, na kama mkoa wa Tanga unaweza kuwa na yake. Tumejibu zile zilizouliza waziwazi.

Baba akisema okestra anamaanisha Maquis na Safari Sound, bendi za dansi. Mwanangu karudi shuleni anasema okestra ni watu themanini wenye fidla. Nimsadiki nani? (Msomaji, Chumbageni)

Wasadiki wote wawili. Kwetu Tanzania neno okestra liliwekwa mbele ya majina ya bendi za dansi, na Orchestra Maquis na Orchestra Safari Sound ni mifano tu. Watu wa taarabu nao huliita okestra lile kundi kubwa la fidla, udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayopigwa kwa vidole), nai, akodiani, dumbaki na rika (tari ndogo).

Okestra ya simfoni ni kitu kingine. Uti wake wa mgongo ni ala za nyuzi zinazopigwa kwa upinde. Ikiwa imetimia huwa na fidla za kwanza 16, fidla za pili 14, viola (fidla kubwa kidogo) 12, chelo 10 na besi kubwa za kusimama 8. Nyuma yao wanakaa wapuliza ala za mbao, yaani filimbi, obo, klarineti na fagoti, kwa kawaida wawili wawili, kisha wapuliza shaba: honi nne, matarumbeta mawili au matatu, tromboni tatu na tuba moja. Mwisho kabisa ni timpani na ala nyingine za kugonga.

Wingi wa fidla si wa fahari. Tarumbeta moja likipulizwa kwa nguvu humeza fidla kadhaa, kwa hiyo nyuzi hushindana kwa idadi. Wapanga safu wana mwiko mmoja ambao hata kikundi kidogo kiushike: usiweke wapiga fidla wawili kwenye sauti moja. Mmoja akiwa peke yake husikika safi, na watatu wakipishana kidogo sauti zao huyeyukiana. Wawili wakipishana, hata asiyejua muziki anasikia kuwa kuna ugomvi.

Hizi okestra za mikoa zilianzishwa na serikali? (Mwanafunzi wa sekondari, Usagara)

Mara chache. Zile za kale zilikuwa za nyumba za wakubwa. Joseph Haydn alipoajiriwa na ukoo wa Esterházy mwaka 1761 alikuta wanamuziki kama 15, watumishi wa jumba, na mtu wa kawaida hakuwasikia.

Okestra ya mji ilishika mizizi karne ya 19, na mfano unaotugusa watu wa Tanga ni Manchester, mji uliokula kwa pamba kama huu wetu ulivyokula kwa mkonge. Mwaka 1857 palikuwa na maonyesho makubwa ya sanaa huko, Charles Hallé, mpiga piano mzaliwa wa Ujerumani, akaombwa akusanye wanamuziki wa kupiga humo. Maonyesho yakafungwa. Yeye hakutaka watu aliowanoa kwa miezi watawanyike, na tarehe 30 Januari 1858 akaanzisha nao matamasha yao wenyewe. Faida na hasara alizibeba mwenyewe hadi alipofariki mwaka 1895, kisha wadhamini wa mjini wakachukua mzigo na jumuiya ikaundwa kuiendesha. Okestra ya Hallé inapiga hadi leo.

Bournemouth, mji wa pwani kusini mwa Uingereza, ulipata yake mwaka 1893: Dan Godfrey na wanamuziki 30. Walitakiwa kuwa watu wa kazi mbili, mchana nje wakipuliza kama bendi ya kijeshi, jioni ukumbini wakiwa okestra. Okestra hiyo sasa huzunguka miji ya kusini magharibi mwa nchi, na hapo ndipo neno "ya mkoa" linapopata maana: wapigaji wana makao mji mmoja, lakini ratiba yao ni ya wilaya zote.

Barani kwetu, Nairobi ina okestra tangu 1947 na Cairo tangu 1959. Ya Kinshasa ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, kati ya waumini wa kanisa la Kimbangu. Ala hazikutosha, wakapokezana: huyu anamaliza zamu, mwenzake anashika fidla ile ile. Tunawasihi wanaosubiri msaada wa ala kwanza waitazame Kinshasa.

Tanga ina historia yoyote ya jambo hili, au tunaiga tu? (Msomaji, Makorora)

Ina, tena ndefu. Wakati wa Wajerumani shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa mwaka 1893, ilikuwa na bendi ya shaba ya wanafunzi. Beni nayo, ngoma ya matarumbeta na gwaride iliyozaliwa pwani, ilienea mji kwa mji kwa vyama viwili vilivyoshindana, Marini na Arinoti. Vilikuwa na vyeo, sare, kamati na michango, na vilisaidiana kwenye ugonjwa na kuzikana. Muziki ulikuwa ni uso wa chama. Huko milimani Usambara, wamisionari wa Kijerumani waliacha makanisa ya Kilutheri yenye bendi za tarumbeta, na mila hiyo imeendelea. Yaani anayetafuta wapuliza shaba wanaosoma nota mkoani hapa aanzie njia ya Lushoto.

Kwenye taarabu Tanga haikuiga mtu. Unguja walikuwa na Ikhwani Safaa tangu 1905, na baadaye okestra kubwa za fidla nyingi kwa mtindo wa Misri. Hapa, miaka ya 1960 na 1970, Black Star na baada yake Lucky Star walipunguza kundi na kuweka gitaa, gitaa la besi na kinanda cha umeme, wakaongeza mwendo wa dansi. Marehemu Bi Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani, aliimba humo. Kundi dogo liliingia kwenye gari moja na kwenye ua wa harusi, na mtindo huo ukavuka hadi Mombasa. Gharama yake ilikuwa moja: fidla ilipokosa kazi mjini, ilikosa pia mwalimu na fundi. Hilo pengo ndilo okestra ingeanza kulijaza.

Tukileta kanuni na fidla zetu za taarabu, tutapatana na okestra? (Mpigaji, Ngamiani)

Swali hili ndilo zito kuliko yote, na anayelijibu kwa "ndiyo" ya haraka hajawahi kusimamia zoezi.

Anza na nyuzi. Fidla ya simfoni, kutoka uzi mnene hadi mwembamba, hufungwa Sol, Re, La, Mi. Wapigaji wengi wa muziki wa Kiarabu hufunga Sol, Re, Sol, Re, kwa sababu vidole vinarudia mahali pale pale na nyuzi zilizolegea kidogo zinateleza vizuri. Mifungo yote miwili ni halali. Ila usiichanganye ndani ya safu moja, maana nota ile ile kwa huyu ni uzi mtupu na kwa yule ni kidole, na sauti haziwi moja. Kila safu ikubaliane mfungo wake kabla ya zoezi la kwanza.

Kisha maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Kwenye piano au gitaa, hatua kutoka sauti moja hadi inayofuata ni sawa siku zote, na kati yake hakuna kitu. Nota ya tatu ya maqamu ya Rast inaangukia hapo kati, juu ya nota ya tatu ya ngazi ya huzuni (minor) na chini ya ile ya ngazi ya furaha (major). Bayati inafanya hivyo kwenye nota yake ya pili. Fidla, viola, chelo na udi havina vyuma shingoni, kwa hiyo kidole kinaifikia nota hiyo bila shida. Kanuni ina vijiti vidogo vya shaba upande wa kushoto vinavyopandisha na kushusha kila kundi la nyuzi. Tarumbeta, klarineti na piano havifiki hapo, au vinafika kwa kubahatisha. Ndiyo maana taarabu ya Tanga, ilipojengwa juu ya gitaa na kinanda, iliegemea nyimbo zisizodai nota hizo za kati.

Kwa hiyo mpangaji wa nota afanye hivi. Wimbo wenyewe awape nyuzi na kanuni. Shaba na mbao awape nota zisizotembea, yaani ya mwanzo, ya nne na ya tano ya maqamu. Asiandike kabisa mlio wa sauti tatu kwa pamoja chini ya Rast, maana ile ya tatu ya piano itagongana na ya tatu ya fidla na wasikilizaji watadhani fidla ndizo zimekosea. Kama wimbo unahama kwenda maqamu inayokaa kwenye piano, kwa mfano Ajam au Nahawandi, hapo okestra nzima iingie, na kuingia huko kuna utamu wake.

Kanuni ina nyuzi 78 hivi, tatu tatu kwa kila sauti. Kuifunga vizuri huchukua nusu saa, na ukiifunga kabla feni hazijawashwa utairudia. Watu wakae kwanza, hewa ya ukumbi itulie, ndipo ifungwe, na La ya 440 (mitetemo 440 kwa sekunde) ikitoka kwenye kipimo kimoja kwa wote. Iweke mbele kabisa, karibu na wasikilizaji. Sauti yake ni ndogo, na pale inapoimba peke yake nusu ya safu za fidla zinyamaze.

Anayepunga kijiti ana kazi gani? Wapigaji si wanaona nota? (Msomaji, Pongwe)

Kila mpigaji anaona nota zake tu. Mwongozaji anaona za wote, anaweka mwendo, anamkumbusha aliyenyamaza mapigo 60 kuwa zamu yake imefika, na anazuia shaba wasiwafunike wengine. Kazi yake kubwa hufanyika mazoezini. Kikundi cha watu chini ya 15 hakimhitaji: fidla ya kwanza aongoze kwa pumzi na kichwa, kama ilivyo kwenye taarabu.

Mji una shida nyingi. Okestra itatupa nini? (Mzazi, Mabawa)

Itawapa watoto kitu kinachodai miaka. Kule Korogocho, Nairobi, mradi wa Ghetto Classics ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka 2008 unafundisha ala za okestra karibu na dampo la Dandora, na waliotangulia wanawafundisha wanaofuata. Mtoto wa miaka 15 anayemrekebisha wa miaka 9 namna ya kushika upinde amepata wajibu ambao hotuba haiwezi kumpa.

Ila okestra isingoje watu waje ukumbini. Shuleni wapelekwe wapigaji wanne au watano, si wote. Dakika 35 zinatosha kwa darasa la tatu hadi la tano: kila ala isikike peke yake kwanza, kisha wimbo ambao watoto wanaujua, kisha dakika kumi za kushika na kujaribu. Wodini waende wawili, fidla na chelo, bila shaba, na muuguzi wa zamu ndiye aamue waingie wapi na watoke lini. Harusini kundi la nyuzi nne hufaa wakati wageni wanakaa na chakula kinaandaliwa, na malipo yake yanunue nyuzi za mwaka.

Sherehe za uwanjani, pale Tangamano kwa mfano, wapewe wapuliza shaba. Fidla ikiwa nje bila ukuta nyuma yake sauti hupotea hewani, na jua hufungua gundi. Wengi wameharibu fidla nzuri siku ya sikukuu kwa kutolijua hilo.

Tuko 22: fidla sita, chelo moja, matarumbeta manne, tromboni mbili, filimbi tatu, kinanda kimoja, wengine waimbaji. Tuanze vipi? (Kwaya na marafiki, Duga)

Msianze na simfoni. Ya tano ya Beethoven ina sehemu za watu ambao hamnao, na mtakata tamaa mwezi wa kwanza. Tafuteni mtu wa kupanga nyimbo tatu fupi, moja ya nyumbani na mbili za kale, kwa ala zenu zilivyo. Nota za watunzi wa zamani kama Haydn na Mozart haziko tena chini ya hakimiliki, na zinapatikana bure mtandaoni.

Fidla sita zigawanywe tatu na tatu. Kinanda kibebe sehemu ya viola na besi. Tarumbeta moja kwa kila sauti, wengine wapokezane, na mdomo wa tarumbeta uelekee kwenye stendi ya nota, usielekee migongo ya wenzao. Tromboni zisirudie alichopiga mwenye chelo, maana zitamfuta.

Zoezi la saa mbili ligawanywe: dakika 20 za kufunga nyuzi na ngazi za sauti, 45 kila safu na chumba chake, 10 za mapumziko, zinazobaki wote pamoja. Wengi huanza wote pamoja mara moja, na matokeo yake wapuliza shaba wanakaa bure saa nzima huku fidla wakitafuta vidole, kisha wiki inayofuata hawaji. Pangeni saa mkizingatia magharibi na isha, ibada ya Jumapili, na mwezi wa Ramadhani. Na tamasha msiliweke Aprili chini ya paa la bati: mvua ya masika ikishuka hakuna atakayesikia hata timpani. Ukumbi mtupu wa saruji unaorudisha mwangwi utulizeni kwa mikeka sakafuni na mapazia mazito ukuta wa nyuma.

Sajilini kikundi Baraza la Sanaa la Taifa, na katiba iseme wazi ala ni za nani. Hapa vikundi vingi huvunjika. Ala iliyotolewa kwa kikundi ikilala nyumbani kwa mtu bila daftari, mwaka wa pili ni yake. Andikeni namba ya ala, hali yake siku ya kutoka, jina na sahihi.

Walimu mtafute Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na chuo cha muziki cha nchi za jahazi (Dhow Countries Music Academy) kilichopo Unguja. Wageni wa kujitolea miezi mitatu wapokelewe kwa mikono miwili, lakini kila mgeni apewe vijana wawili wa kuwafundisha kufundisha. Mji wenyewe unajiita waja leo waondoka leo.

Fidla yangu imefunguka ubavuni na upinde haukazi tena. Ni mbovu? (Msomaji, Raskazone)

Huenda ni hewa tu. Fidla hupenda unyevu wa asilimia 40 hadi 60, na karibu na bahari tunaishi juu ya hapo sehemu kubwa ya mwaka. Mbao hufura, na gundi ya asili, inayopikwa kwa ngozi za wanyama, hulegea ikikutana na joto na unyevu. Ubavu kufunguka ni bahati kuliko ubao kupasuka, na gundi ile ilichaguliwa ili ifunguke. Kwa hiyo usiizibe kwa gundi ya seremala wala ile ya matone inayokausha papo hapo. Hizo hazifunguki, na safari ijayo utapasuka ubao wenyewe. Legeza nyuzi kidogo, usiziondoe zote, mpelekee fundi anayejua gundi ya ngozi.

Upinde una nywele za farasi 150 hadi 200, na zikinyonya unyevu hurefuka. Ulegeze kila umalizapo kupiga. Kama skrubu imefika mwisho na nywele bado zinaning'inia, zibadilishwe. Nywele zikikatika chache chache ndani ya kasha lisilofunguliwa, ni wadudu wanaozila: toa kila kitu, safisha kasha na uliache wazi juani saa kadhaa, bila fidla.

Vigingi vya kukazia nyuzi vikigoma kuzunguka vimefura. Vitoe kimoja kimoja, paka sabuni kavu kidogo na chaki kidogo. Ukivitoa vyote pamoja daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, litaanguka, na pengine kile kijiti cha ndani kinachosimama chini yake. Ukisikia kijiti hicho kinagongagonga ndani, legeza nyuzi zote mara moja na usipige, maana ubao wa juu hauna tena nguzo. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila siku, jasho na chumvi huzila haraka. Na fidla isilale kwenye buti la gari hata kwa saa moja.

Binti yangu ana miaka 8. Ninunue fidla kubwa akue nayo? (Mama, Mwanzange)

Hapana, mama. Mkono ukinyooshwa kupita kiasi anajifunza kukaza bega, na kulegeza baadaye ni kazi ya miaka. Nyosha mkono wake wa kushoto pembeni, pima kutoka shingoni hadi katikati ya kiganja. Sentimita 51 hivi ni fidla ya nusu, 56 ni ya robo tatu, 58 na zaidi ndiyo kubwa kamili. Ukiwa kati ya mbili, chukua ndogo. Dukani mpe aiweke begani na aufikie ule mviringo wa mwisho wa shingo: vidole viuzunguke huku kiwiko kimepinda kidogo. Kikinyooka kabisa, irudishe.